Kiraka Chini ya Mpira Mweusi

Niliwaacha, wasomaji wangu, nikiwa nimepiga magoti juu ya meza ya puli, sindano mdomoni, na mlango wa ukumbi ukigongwa kwa nguvu. Wengi mmeuliza aliyegonga alikuwa nani. Alikuwa msoma mita ya maji, naye alikosea mlango. Nawaomba radhi nyote mliokosa usingizi kwa ajili yake.

Kwa wanaonisoma leo kwa mara ya kwanza, nitaeleza kwa ufupi jinsi mama mtu mzima, fundi cherehani na mwanafunzi wa kisomo cha watu wazima, alivyofika juu ya meza hiyo.

Binti yangu anaolewa. Mchumba wake ni mwokaji mikate, kijana mpole ambaye hata akikasirika hunukia vizuri. Baba yake kijana huyo ni dereva wa lori, na mume wangu ni fundi baiskeli. Wazee hawa wawili walishindwa kukubaliana harusi ifanyike kwa nani.

Mume wangu alidai ifanyike uani kwetu, akapaka ukuta chokaa, ule upande unaoonekana kutoka barabarani. Mkwe wangu, yaani huyo baba wa kijana, alidai ifanyike kwake, akachimba choo kipya kwa ajili ya wageni, na hakuna mtu aliyepita mtaani kwake bila kuongozwa kwenda kukitazama. Wakanuniana. Wakaacha kusalimiana. Mwishowe wakakubaliana jambo moja tu, kwamba watacheza puli, na mshindi ndiye atakayetaja mahali.

Binti yangu naye akatoa neno lake. Alisema siku ya harusi haiwezi kupangwa mpaka mahali pajulikane, na kwamba wazee wakigombana ukumbini, yeye na mchumba wake watakwenda kuandikisha ndoa peke yao, nasi wazazi tutaletewa picha.

Mimi nikafanywa mwamuzi. Mwalimu wetu wa kisomo alikuwa ametuagiza tusome kila maandishi tutakayokutana nayo njiani, na siku hiyo nilikutana na kanuni za puli zilizobandikwa ukutani kwa Bi Chaki, mwenye ukumbi. Nikazisoma kwa sauti, kutoka juu hadi chini, pamoja na jina la mpiga chapa. Wanaume wote wakaacha kucheza. Ilionekana kwamba hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuzisoma.

Tangu siku hiyo nikahesabiwa kuwa bingwa, ingawa sijapata kushika fimbo ya puli. Mkwe wangu alinikubali kwa hoja kwamba mtu asiyeujua mchezo hawezi kuupendelea. Mume wangu alinikubali kwa sababu aliogopa kunikataa.

Kisha, siku chache kabla ya mchuano, kitambaa cha meza kikachanika karibu na shimo la pembeni, lile la upande wa dirisha. Fundi cherehani wa mtaa ni mimi. Nikaitwa.

Sasa sina budi kusema ukweli ambao wiki iliyopita niliuruka.

Bi Chaki hakuwa na kitambaa cha meza. Mimi nilikuwa na kipande cha satini ya kijani kilichobaki nilipokata sare za akina mama wa harusi. Rangi ilifanana kabisa. Nikageuza upande usiong'aa ukawa juu. Tuling'oa misumari midogo iliyokibana kitambaa ukingoni, nikashona kiraka kwa ndani, tukakivuta na kukipigilia tena. Bi Chaki alipapasa kwa kiganja, akashindwa kukiona kiraka kilipo. Nilijisifu moyoni kwa muda mrefu kuliko inavyofaa.

Sikufikiri kwamba satini huteleza. Wala sikufikiri kwamba shimo la dirishani ndilo mume wangu alipendalo kuliko mashimo yote. Naapa sikukusudia. Lakini nilitaka binti yangu atoke kwenye mlango wetu, ule ambao nimekuwa nikimsubiri tangu alipoanza shule, na nilitaka hivyo kwa moyo wote huku nikishona. Jueni hilo kabla sijaendelea.

Siku ya mchuano ikafika. Ukumbi ulijaa tangu baada ya chakula cha mchana. Binti yangu alikaa na mchumba wake chini ya tangazo la kanuni, mkoba wake mapajani, kama abiria anayesubiri kuitwa. Nikasimama kichwani mwa meza, utepe wa kupimia shingoni, maana bila utepe najiona sijavaa.

Kabla hata mpira haujapigwa, tatizo likazuka.

Kanuni yasema mchezaji asiilalie meza kwa kiwiliwili. Mkwe wangu ana tumbo kubwa, la heshima, na kila alipoinama kulenga, tumbo lilitangulia kufika. Nikasoma kanuni kwa sauti na kutangaza faulo. Akainama tena. Nikatangaza faulo nyingine.

"Mkwe," akaniambia kwa upole, "tumbo hili nimekuja nalo. Sikulileta ili nishinde."

Kwa kuwa hasemi na mume wangu, aligeuka akazungumza na mimi huku akimtazama yeye. "Tena mwambie huyo bwana wako kwamba yeye ana faida. Yeye ni mwembamba kama fimbo yenyewe. Haki iko wapi hapo?"

"Mama Watoto, mjibu," mume wangu akasema, akiwa amesimama pale pale. "Mwambie mimi sikumkataza kufunga mkanda."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nafikiri. Hoja ya mkwe wangu ilikuwa na uzito. Kanuni inayomwadhibu mtu kwa jambo asiloweza kulivua si kanuni ya haki. Nikamwomba Bi Chaki mto wa kiti chake. Nikapima tumbo la mkwe wangu, nikapima la mume wangu, nikaukunja mto hadi vipimo vilipolingana, kisha nikaufunga ndani ya shati la mume wangu kwa utepe wa kushonea.

"Sasa mna matumbo sawa," nikatangaza. "Mchezo uanze."

Mume wangu aliupapasa mto. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama haya yote yalikuwa ukutani. Nikamjibu kwamba roho ya kanuni ilikuwa ukutani. Akaniita mke wangu. Nikamkumbusha kwamba ndani ya ukumbi ule mimi ni Mwamuzi. Akamuuliza Mwamuzi kama amekumbuka kuzima jiko la mafuta nyumbani. Nikamwonya.

Wakacheza. Na nitasema, ingawa mmoja ni mume wangu, kwamba walicheza vizuri. Walipigana vijembe kupitia kwangu bila kupumzika. Mkwe aliniomba nimweleze bwana wangu kwamba puli si baiskeli, haisukumwi kwa miguu. Bwana wangu aliniomba nimfikishie mkwe kwamba anapiga mpira kama anayerudi nyuma na lori, ana kelele nyingi na haoni anakokwenda. Nilifikisha kila neno kwa uaminifu, ingawa wenyewe walisimama karibu kiasi cha kugusana.

Mipira ya rangi moja ikaisha. Mipira ya mistari ikaisha. Ukabaki mweusi, na mpira mweupe wa kupigia. Mweusi ukasimama karibu na shimo la dirishani. Juu ya kiraka changu.

Nikaushika utepe shingoni kwa mikono miwili.

Ilikuwa zamu ya mume wangu. Akainama, yeye na mto wake. Akapiga. Ule mweusi ukaenda moja kwa moja shimoni, ukafika ukingoni, ukapanda kidogo kama gari lililokuta tuta, ukarudi pale pale ulipokuwa.

Zamu ya mkwe wangu. Akapiga kwa hesabu nzuri. Mpira ukaenda, ukapanda, ukarudi.

Mume wangu tena. Mkwe wangu tena. Kila walipoupiga ulifanya kituko kile kile: huenda, hupanda, hurudi. Jua likahama kutoka dirisha moja kwenda jingine. Watu wakaanza kukaa chini. Mchumba wa binti yangu akaomba ruhusa akaangalie mikate, akaenda, akarudi, akakuta mpira uko pale pale.

Na hakuna kati ya wale wawili aliyelalamika. Mume wangu, ambaye hulalamikia chumvi kabla hajaonja, alitikisa kichwa tu na kusema hiyo ndiyo puli. Mkwe wangu alifuta jasho, akasema mchezo ni mrefu na Mungu ni mwema. Hilo lilipaswa kunishtua. Lakini mimi nilikuwa na hatia yangu, na mwenye hatia hana nafasi ya kuchunguza wengine.

Nilijiambia: ni satini yako. Ni mshono wako. Umeharibu meza, umeharibu mchuano, na binti yako ameketi pale akitazama saa.

Nikamtazama. Alikuwa ameuhamisha mkoba kutoka mapajani hadi begani.

Nikapiga meza kwa mkasi wangu, watu wakanyamaza.

"Nasimamisha mchezo," nikasema. "Meza ina kasoro, na kasoro hiyo ni mimi."

Nikaeleza yote: satini, sare za akina mama, upande usiong'aa. Nikaeleza hata lile la mlango wetu. Nilimaliza kila sentensi, kama tunavyofundishwa darasani.

Nilitarajia mkwe wangu aniite mwizi. Nilitarajia mume wangu aone aibu. Nilitarajia binti yangu asimame aondoke. Nilijiandaa kwa kila jambo isipokuwa lile lililotokea.

"Ah, mkwe," mkwe wangu akasema, "kiraka hicho mbona kizuri tu. Kiache."

"Kiache, Mama Watoto," mume wangu akaongeza. "Usijichoshe."

Nikafikiri wananihurumia. Machozi yakanilengalenga. Nikawaambia kwamba huruma yao imenigusa, lakini kanuni iko wazi: iwapo meza ina kasoro, mchezo utasimama mpaka irekebishwe. Nitakifumua kiraka, nitakishona upya kwa kitambaa halali, hata kama ni kwa suruali yangu ya kazini, kisha mchezo utaendelea.

Mume wangu akasema suruali ile ina matundu. Mkwe wangu akasema mwanga wa dirisha umeanza kupungua, tufanye wiki ijayo. Mume wangu akasema, au wiki itakayofuata. Mkwe wangu akasema hata baada ya mvua, haraka ya nini.

"Haraka ni yangu," binti yangu akasema kutoka kule alikoketi. "Mama, fumua."

Nikaomba ruhusa ya kuuondoa kwanza mpira mweusi. Wazee wote wawili wakakataa katakata. Walisema mpira mweusi usiguswe na mtu yeyote, la sivyo mchezo utakuwa umeharibika na itabidi uanzwe upya. Niliona ni hoja ya haki. Nikaahidi kufanya kazi kwa kuuzunguka.

Bi Chaki akashika koleo, aking'oa misumari ya ukingoni taratibu. Mimi nikapenyeza vidole chini ya kitambaa, nikatafuta mshono wangu, nikakamata ncha ya uzi. Ukumbi ulikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia mto wa Bi Chaki ukichakarisha ndani ya shati la mume wangu.

Nikavuta.

Uzi ukatoka wote kwa mkupuo, kama unavyotoka kwenye pindo lililoshonwa vibaya, jambo ambalo lilinishangaza kwa kuwa mimi sishoni pindo vibaya. Kitambaa kikalegea, kikajikunja, kikafanya kibonde kidogo. Mpira mweusi ukatikisika. Ukafikiri. Kisha ukajiviringisha polepole, bila kuguswa na fimbo wala mkono, ukaingia shimoni.

Tukausikia ukishuka ndani ya meza, ukigongagonga njia nzima, hadi ukatulia chini.

Kisha Bi Chaki, koleo mkononi, akainua macho kuelekea ukutani. Wote tukafuata macho yake. Nami, kwa kuwa ni mazoea yangu sasa, nikasoma kwa sauti bila kujizuia:

"Atakayeuingiza mpira mweusi wa mwisho ndiye mshindi."

"Dada," Bi Chaki akaniambia, "umeshinda."

Ukumbi ukalipuka kwa vicheko. Mtu mmoja akaniinua mkono. Mwingine akauliza kama nafundisha. Nikajaribu kueleza kwamba mwamuzi hawezi kushinda mchezo anaouamua, kwamba hilo ni kinyume cha haki, lakini nilipotafuta kanuni inayokataza, haikuwemo. Aliyeziandika hakuwahi kumwazia mtu kama mimi.

Mume wangu akadai mchezo urudiwe. Mkwe wangu akadai mchezo urudiwe. Nikaona ajabu kidogo kwamba walidai kwa wakati mmoja, lakini sikuwa na nafasi ya kulifikiria, kwa sababu vidole vyangu vilikuwa bado chini ya kitambaa, na vilikuwa vimegusa kitu.

Kilikuwa kinene. Kilikuwa laini, chenye kuvutika. Kilikuwa kimeshonwa kwenye satini yangu kwa ndani, mahali ambapo mimi sikuacha chochote.

Nikakikata kwa mkasi, nikakitoa nje kwenye mwanga.

Kilikuwa kiraka cha mpira wa ndani wa baiskeli, cha mviringo, kilichokwanguliwa ukingo ili kishike vizuri. Katika mtaa mzima ni mtu mmoja tu anayekwangua viraka hivyo, naye hula mezani kwangu.

Nikamgeukia mume wangu. Alikuwa anautazama mto wake.

"Kwa hiyo ni wewe," nikasema. "Wewe ndiye uliyeweka tuta."

Watu wakaguna. Mchumba wa binti yangu akainamisha kichwa. Nilitarajia mkwe wangu ashangilie, kwa maana mpinzani wake alikuwa ameshikwa mchana kweupe. Mkwe wangu alikuwa anahesabu misumari ya dari.

Ndipo nikakigeuza kile kiraka na kuutazama uzi.

Wasomaji wangu, mimi nyuzi nazijua. Uzi ule haukuwa wa cherehani, wala wa viatu. Ulikuwa mnene, umepakwa nta, na mishono yake ilikuwa mirefu, ya msalaba, iliyofungwa fundo juu badala ya chini. Hivyo ndivyo mtu anavyoshona turubai la lori.

Mpira wa fundi baiskeli. Uzi wa dereva wa lori. Kiraka kimoja.

Watu hawa wawili hawasalimiani. Wamekuwa wakinituma maneno kama posta tangu mchana. Mmoja akipita barabarani, mwingine huvuka. Lakini hakuna anayeweza kushona kwa ndani ya meza ile peke yake. Mmoja lazima ashike kitambaa na mwingine ashone. Nilijua hilo kwa sababu mimi nilishikiwa na Bi Chaki.

Binti yangu alikuwa amesimama karibu yangu. Akakichukua kile kiraka, akakigeuza upande huu na upande ule, kisha akawatazama wazee wawili.

"Hamkukiweka ili mmoja ashinde," akasema taratibu. "Mlikiweka ili asishinde yeyote, na siku ya harusi isipangwe."

Mume wangu akakitazama kiraka mkononi mwa binti yetu. Nikaona kitu usoni mwake ambacho nilikuwa sijakiona tangu siku binti yetu alipoanza shule, alipobaki amesimama langoni hata baada ya kengele. Nikamtazama mkwe wangu, nikakiona kile kile. Nikamkumbuka kijana wake, ambaye ndiye mtoto wake wa pekee, akioka mikate katika nyumba ile kubwa yenye choo kipya.

Binti yangu hakuwapa nafasi. Alinigeukia, mkoba begani, mkono mmoja tayari mkononi mwa mchumba wake.

"Mama, wewe ndiye mshindi. Taja mahali. Na ukishataja mahali, taja na siku, kwa sababu nikitoka humu bila siku, nakwenda kuandikisha leo hii kabla hawajafunga ofisi."

Nikavuta pumzi. Nilifikiria mlango wetu. Nilifikiria kwamba nikiutaja, mtaa mzima utasema nilishona kiraka ili niutaje. Nilifikiria kwamba nisipoutaja, nitauona mtupu maisha yangu yote. Nikafungua kinywa.

Lakini nilipoinua macho, mume wangu hakuwa tena kando ya meza. Alikuwa amesimama mlangoni, mto wa Bi Chaki bado umefungwa ndani ya shati. Mkwe wangu alikuwa ubavuni mwake, bega kwa bega, na matumbo yao mawili, ambayo mimi mwenyewe niliyalinganisha kwa utepe, yaliuziba mlango wote hata mwanga wa nje haukupita.

Na wale wanaume wasiosalimiana wakasema kwa pamoja, neno kwa neno, kama sisi tunavyosoma ubaoni:

"Hakuna anayetoka humu mpaka mchezo urudiwe."